Yaya wa Chupa ya Dengu

Mnielewe mapema: hakuwa mtu mpole. Watu wakisikia yaya, tena yaya wa makamo, wanajichorea mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Huyu alikuwa mwembamba, mkavu, na ulimi wake wembe. Siku ya kwanza tulipoonana alinikaripia kabla hatujasalimiana, kwa sababu nilifunga mlango wa gari kwa kishindo na mtoto alikuwa amelala. "Wewe dereva, kwenu milango mnafunga kwa mateke?" Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba. Na milango ujifunze." Ndivyo tulivyoanza, na tulikaa nyumba moja miaka minne na ushee.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Abu Hamour, huku kwa Waarabu tulikokuja kutafuta riziki. Chumba changu kiko pembeni ya geti, chake kilikuwa juu, mlango wa pili kutoka chumba cha watoto. Pale ndani hakuna aliyemwita kwa jina. Madam alisema Yaya, Bosi alisema Yaya, binti yao mkubwa alisema Yaya kabla hajajua kusema kitu kingine cha maana. Mimi jina lake nilikuwa nalijua, nimelisoma mara nyingi kwenye kitambulisho chake nilipompeleka kushughulikia kibali, lakini sikulitumia hata siku moja. Nikilitumia leo nitajiona mnafiki.

Kazi yake ilikuwa kucheza. Kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi, hayo yote aliyafanya, tena vizuri, ila ukimuuliza alikuwa akisema hayo hata mashine itakuja kuyaweza. Chumba cha watoto kilijaa midoli ya kila namna, inayoimba, inayowaka taa, inayotembea yenyewe na kugonga ukuta. Hakuigusa. "Mdoli wa betri unacheza wenyewe," alisema. "Mtoto amekaa kando tu, kama mgeni wa harusi." Yeye alishuka jikoni, akaosha chupa ndogo ya maji, akaianika juani mpaka ikakauka kabisa, akatia dengu kiasi cha kiganja, kisha akazungushia utepe wa gundi kwenye kifuniko mara nne ili mtoto asije akakifungua akapaliwa. Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake.

Alitikisa chupa upande wa kulia wa mtoto, halafu akangoja. Kungoja ndiyo nusu ya mchezo, na ndiko kunakotushinda sisi wengine. Mimi nikipewa ile chupa niliitikisa kama mpiga kayamba, mtoto akashtuka akalia, nami nikanyang'anywa. Yeye alitikisa mara moja, akanyamaza, akangoja mtoto ageuze jicho, ageuze shingo, aitafute sauti. Akiipata, anasifiwa kama aliyefunga goli. Kisha chupa inahamia kushoto.

Na kanga yake ile ya kahawia. Anajifunika uso, anauliza, "Yuko wapi? Kaenda sokoni! Kaleta nini?" Kanga inashuka. "Kaleta pua!" Mtoto anakwama na kicheko. Anajifunika tena. Safari hii kaleta ulimi, safari nyingine kaleta masikio. Mtoto wa miezi mitano alifika mahali pa kuivuta ile kanga mwenyewe kwa mikono miwili, na Yaya akageuka akaniambia, "Umeona? Keshajua kwamba mtu akiondoka machoni hajafa." Nikamwambia mama, hayo ni maneno mazito kwa mtoto anayetoka udenda. Akanijibu kwamba kuna watu wana ndevu na hawajayajua.

Kila asubuhi baada ya kuoga alimlaza mtoto kifudifudi juu ya mkeka, yeye naye akalala kifudifudi sakafuni, uso kwa uso, mama wa miaka hamsini na kitu, akimtolea ulimi. Mtoto akilalamika alimwacha kidogo, akamgeuza apumue, akamrudisha. "Shingo haijengwi na maziwa." Wakati wa nepi alimwendesha miguu kama anayekanyaga baiskeli. Mtoto akisema aguu, naye alisema aguu, kisha akafunga mdomo ampe zamu yake. Niliwakuta siku moja wakizungumza hivyo, nimepanda kuchukua orodha ya soko. "Mnamsengenya nani?" nikauliza. "Wewe," akajibu, wala hakugeuka.

Lililonichukua muda kuliona ni kwamba hakuwa akifurahi. Mdomo ulicheka, nyusi zilipanda, sauti ilipanda na kushuka, lakini macho yalikuwa ya fundi anayesikiliza injini. Mimi ni dereva, macho hayo nayajua. Fundi anaweza kukupigia soga za mpira huku kichwa chake chote kiko ndani ya boneti. Nilidhani ni tabia tu ya mtu aliyefanya kazi moja muda mrefu. Nilidhani mengi.

Alikuwa na vituko. Hakubusu mtoto hata mmoja na aliwafukuza wageni waliotaka kubusu. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo hizo ndizo alizotukana vizuri. Kubwa zaidi, mtoto akishaanza kusema maneno mawili matatu ya kuungana, alipoteza hamu naye. Yule binti mkubwa alimlilia sana alipofika miaka mitatu, akimfuata na kanga akitaka wacheze ule mchezo wa sokoni, naye alimkwepa. "Huyu keshavuka," aliniambia. Niliona ni ukatili, na nilimwambia hivyo. Akaniangalia, akaendelea kukunja nepi.

Mke wangu alipojifungua kule Korogwe, mtoto wetu wa kwanza, wa kike, nilionyesha picha jikoni nikitarajia pongezi. Yaya akanipora simu. Akamwachia mke wangu ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya Ijumaa: umlaze kifuani kwako kifudifudi, umsemeshe ukimwogesha, kila kiungo ukitaje, sasa naosha goti, sasa naosha kidole, usimwachie simu amtazame mtu mwingine akicheza, uso wako ndiyo televisheni yake. Mke wangu akanijibu mimi, siyo yeye. "Huyo mama ni nani hasa? Mimi nimelelewa na mama yangu, sikulelewa kwa simu." Lakini aliyafanya, najua, kwa sababu wiki ya pili aliuliza kwa ukali je, chupa iwe ya dengu au hata mahindi yanafaa.

Mtoto wangu alipofika miezi minne Yaya akanidai video. Alitaka mama mtu asimame nyuma ya mtoto asipoonekana, agonge kijiko kwenye sufuria, mara moja tu. Video ikaja. Akaitazama mara nne, simu kaisogeza karibu na uso. "Kageuka," akasema. "Basi wewe kalale." Nikacheka, nikasema vibibi vina mambo. Hakucheka.

Sasa nifike kwenye lenyewe, maana nimekuwa nikizunguka.

Mtoto wa pili wa nyumba ile, wa kiume, Yaya alimpokea ana siku arobaini. Ndiye wa ile kanga na zile aguu. Alikuwa mchangamfu ajabu. Ukitikisa ufunguo wa gari uani, yeye ndani anageuka. Alipotimiza miezi saba akapata homa ya uti wa mgongo. Wiki mbili na siku kadhaa hospitali, Madam hali, Bosi halali, Yaya kakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya wodi na tasbihi. Alhamdulillahi akapona. Walipomruhusu waliambiwa wamrudishe apimwe masikio. Miadi ikaangukia siku baba yake Bosi alipofariki, familia nzima ikasafiri kwenda mazikoni, miadi ikapita, na hakuna aliyeikumbuka tena. Mtoto alikuwa hai, ananenepa, anacheka ukimtekenya. Nani angefikiria masikio?

Mmoja tu. Wiki chache baadaye nilikuwa nimeegesha mtaa wa Al Sadd, Madam kaingia dukani, gari linaunguruma kwa sababu ya kiyoyozi. Yaya nyuma, mtoto kwenye kiti chake. Nilimwona kwenye kioo akipeleka ile chupa ya dengu nyuma ya sikio la mtoto. Akatikisa. Akangoja. Akahamia upande wa pili, akatikisa kwa nguvu. Mtoto anachezea mkanda wa kiti.

"Dereva," akasema, "hasikii."

"Amechoka tu, mama. Ametoka kuugua."

"Wiki ya tatu hii napima. Hata zile ba-ba-ba zake kaziacha." Kisha akasema, sauti ile ile ya kawaida, "Wangu nilijua ana miaka mitano."

Miaka minne nilikuwa nakaa naye na sikujua kama ana mtoto.

"Mitano," akasema. "Namwita, haji, namchapa. Namtuma, ananitazama, namchapa. Nilisema mkaidi, baba yake akasema mkaidi, mtaa mzima ukasema mkaidi. Mpaka siku moja mwalimu wa chekechea akagonga debe nyuma yao. Watoto wote wakaruka. Yeye akaendelea kuchora chini na kijiti. Mimi nilikuwa dirishani, nimekwenda kumpelekea uji."

Nikamuuliza yuko wapi sasa.

"Mtu mzima. Seremala, na mikono yake wanaisifu. Nikimpigia simu ya picha anakuja, ananitazama. Lakini maneno yake ya mikono siyajui, sikujifunza, nilikuwa huku nalea wa wenzangu. Basi namwonyesha kifua, namwonyesha fimbo, nakunja mikono namwomba radhi. Anafumba macho." Akaiweka chupa mfukoni mwa aproni. "Kiziwi hana haja ya kukukatia simu, mwanangu. Akifumba macho, umekwisha. Mimi hawa watoto sichezi nao. Napima. Leo nitamwambia Madam."

Hapo ndipo nilipofungua kinywa changu.

Kuna kanuni kwenye hizi nyumba, haijaandikwa lakini kila mmoja wetu anakabidhiwa wiki ya kwanza: habari mbaya isianzie jikoni. Bomba likipasuka, sema. Mtoto akiwa na kasoro, nyamaza, mwenyewe ataona. Kabla ya Yaya, mpishi mmoja wa Uganda alimwambia Madam kwamba binti anakonda. Binti akaugua kesho yake. Wiki haikuisha, mpishi yuko uwanja wa ndege, kwa kosa la kumtupia mtoto kijicho. Mimi ndiye niliyempeleka.

Nikamkumbusha hayo. Akasema anayajua. Nikasema, "Mama, atakuuliza wewe ni daktari? Na ukirudishwa, nani atacheza na huyu? Ataletwa msichana asiyejua lolote, atamwita mkaidi, atamchapa." Niliona kwenye kioo jinsi neno lile lilivyomwingia. Nikazidi kulikandamiza. "Ngoja kidogo. Mama mzazi hakosi kuona. Aone mwenyewe."

Madam akatoka na mifuko yake. Yaya akanyoosha mikono akaipokea.

Nitasema na lile ambalo sikumwambia yeye. Zilikuwa zimebaki wiki tano likizo yangu ianze. Mwanangu nilikuwa sijawahi kumshika. Kwenye nyumba ile, likitokea la kutokea, kitu cha kwanza kufutwa ni likizo ya dereva. Basi. Hekima yangu yote kuhusu msichana asiyejua lolote ilikuwa hiyo.

Nikaenda zangu Korogwe siku arobaini na tano. Binti yangu alinililia siku mbili kama kaona jini, siku ya tatu nikajifunika kanga ya mama yake nikasema kaenda sokoni, kaleta pua. Akacheka. Akaivuta kanga. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, na sikumkumbuka yule mwingine hata mara moja, wallahi, hata mara moja.

Niliporudi, Yaya alinipokea mzigo getini. Nikamuuliza chinichini, "Umesema?"

"Uliniambia ningoje."

Na aone nani? Madam alikuwa anamwona mtoto wake akiwa ameogeshwa, amelishwa, anacheka. Yaya alikuwa amebadilisha michezo yote. Chupa ya dengu sasa anamshikisha mkononi, aisikie ikitetema. Akitaka kumwita, anapiga sakafu kwa kisigino, mtoto anageuka, na wewe ukiwa mlangoni unasema si huyu hapa, kasikia. Kanga ilibaki, maana kanga ni ya macho. Na kwenye gari nilimwona akimwimbia huku kakishika kiganja cha mtoto na kukibandika kooni kwake. Mtoto kakodoa macho, kinywa wazi, vidole vinasikiliza. Wimbo ukiisha, mtoto anampiga koo, anataka tena. Akimaliza kooni anamhamishia kifuani. Alikuwa akimficha na kumfundisha kwa mikono ile ile, na mimi mbele nimeshika usukani, nikajisemea unaona sasa, mambo yanakwenda.

Miezi minne ilipita hivyo, tangu ile siku ya Al Sadd.

Aliyevunja kanuni ni yeye, asubuhi moja, bila kunishauri. Mtoto keshatimiza mwaka. Nilikuwa jikoni nakunywa chai. Yaya akamweka mtoto sakafuni, mgongo kwetu, vikombe vya plastiki mbele yake. Akaenda mwenyewe kumwita Madam. Madam akaja, simu mkononi, anauliza kuna nini. Yaya akachukua mfuniko wa sufuria kubwa, ile ya wali wa wageni, akaunyanyua usawa wa kifua, akauachia kwenye vigae.

Kelele ile ilinimwagia chai. Madam alipiga ukelele. Mtoto akaweka kikombe juu ya kikombe.

Madam akamtazama Yaya, akamtazama mtoto. Akauokota mfuniko mwenyewe, akauangusha. Akauokota tena. Mara ya tatu hakuuangusha, aliutupa, na alikuwa analiita jina la mtoto kwa sauti ambayo siwezi kuisimulia, na mtoto alikuwa anajenga mnara wake. Ulipoanguka ndipo akageuka kututafuta, akatuona tumesimama pale wote, akatucheka.

Hospitali niliwapeleka mimi, siku ile ile na siku nyingi baadaye. Aliyotafsiriwa Yaya akaniambia mimi ni haya: ile homa, ikipita masikioni, huwa inaacha kitu kinachojenga kama mfupa ndani kwa ndani, na kila mwezi unaokwenda, njia inazidi kuziba. Sikio moja lilikuwa limeziba. La pili, wangejaribu kuliwekea chombo cha kumsaidia kusikia. Wangeletewa mtoto mapema, daktari alisema, wangekuwa na masikio mawili ya kufanyia kazi.

Siku aliyoambiwa hilo, Madam alirudi akaketi sebuleni na abaya yake mwilini, hata mkoba hakuuweka chini. Mimi nilikuwa mlangoni na begi la mtoto. Alimuuliza Yaya kwa ule mchanganyiko wao wa Kiarabu na Kiingereza, taratibu, kama anayeogopa jibu. Ulijua tangu lini?

Yaya angeweza kusema jana. Angeweza kusema wiki iliyopita. Akasema, "Tangu kabla ya Ramadhani."

"Miezi minne."

"Miezi minne."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo Yaya aligeuza shingo akanitazama. Haikuwa kutazama kwa kushtaki. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto baada ya kutikisa chupa. Akangoja.

Mimi nilitazama ufunguo wa gari.

"Niliogopa," akasema.

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna."

Madam hakupiga kelele. Nilishasikia watu wakimlaani yule mwanamke, mimi siwezi. Miadi ile iliyopita ilikuwa yake, naye alikuwa anaijua, na mtu mwenye mzigo kama ule anatafuta pa kuutua. Hakumrudisha kwao. Alimwachia karatasi zake ahamie kwa kafili mwingine, yaani mwajiri mwingine wa kumdhamini, akasema asimkute jioni. Yaya akafunga begi lake moja. Chupa ya dengu ilikuwa juu ya friji. Madam akaichukua akaitupa kwenye pipa la taka mbele yetu. Nilipokuwa nawasha gari nilimwona kupitia dirisha la jikoni ameinama kwenye pipa lile, anaichakura kwa mkono aitoe.

Nilimshusha kwa ndugu yake. Nikamfungulia mlango, nikaufunga polepole. Hata hilo hakulisemea.

Ikapita miaka miwili. Nilikuwa nasikia habari zake huku na huku, wenzetu wanaambizana: yuko Industrial Area, ile tunayoiita Sanaya, kwenye kampuni inayofua nguo za wafanyakazi wa ujenzi. Kila Ijumaa nilisema nitakwenda. Kila Ijumaa ilikuwa na sababu yake. Nilikwenda mwezi uliopita, baada ya kutumwa karibu na hapo kuchukua vipuri, yaani hata kwenda kwenyewe hakukuwa kwenda.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani mashine zimepangwa kama mabasi, zinanguruma zote pamoja, huwezi kusikia hata mawazo yako. Wafanyakazi walikuwa wanaongea kwa mikono, leta, peleka, bado, tayari. Nilimwona yeye kwenye meza ya kukunjia, kakonda zaidi, rundo la maovaroli ya samawati limemzidi kimo. Alinyanyua mkono akamwonyesha msichana upande wa pili vidole viwili, msichana akacheka. Kisha akaniona.

Alinijia mpaka mlangoni. Nikapiga kelele, "Shikamoo, mama!" Akasoma midomo yangu, akaitika kwa kichwa. Nikamsogelea sikioni nikampa habari, maana najua ndizo alizozitaka. Kwamba mtoto alipasuliwa, sikio moja, chombo kimekaa. Kwamba anasema maneno kumi, kumi na mawili, mengine hayaeleweki. Kwamba chupa Madam ameiweka chumbani kwake mwenyewe, hairuhusiwi kuguswa. Na kwamba mtoto ana tabia, kila mtu akimsemesha, hata mimi, hata wageni wa Bosi, ananyoosha kiganja anakibandika kooni kwa mtu, na hakuna mtu pale ndani anayejua kaitoa wapi.

Alisikiliza yote. Akapeleka mkono wake kooni kwake, akauacha pale kidogo, akautoa. "Na binti yako?" akauliza, kwa sauti ya juu. Nikasema anakariri mashairi ya chekechea, anatuchosha. "Keshavuka," akasema.

Nikamuuliza kuhusu seremala wake. Akanyoosha mikono yake mbele yangu, ikiwa myeupe na kukunjamana kwa sabuni, akafanya ishara mbili tatu ambazo mimi sizijui, polepole, kama mtu anayesoma herufi za kwanza. "Najifunza. Hapa wote tunaongea hivi, nikaona kumbe naweza." Akaishusha. "Bado anafumba."

Basi nikaona ni sasa. Nilikuwa nimelibeba tangu ile sebule, limenikaa kama mfupa. Nikasema, "Mama, siku ile ya Al Sadd ni mimi. Ni mimi niliyekwambia ungoje. Na sebuleni uliponitazama—"

Akaonyesha mashine, akaonyesha sikio. Hasikii. Nikalirudia, kwa nguvu zaidi, mpaka msichana wa meza ya pili akageuka. Nikasema likizo yangu ilikuwa imekaribia. Nikasema hata sikumfikiria mtoto. Nikakunja mikono yangu miwili mbele ya kifua, pale mlangoni, nikasema, "Nisamehe, mama."

Alikuwa akiitazama midomo yangu muda wote, akisoma neno kwa neno. Nilipofika hapo hakunitukana, na ningetoa chochote anitukane. Alifumba macho.

Nikaendelea kusema, sijui niliendelea muda gani. Mashine zinanguruma, yeye kasimama mbele yangu mkono kaushika mlango, kope zimefungwa kabisa. Nikangoja, maana kungoja alinifundisha mwenyewe. Hakuyafumbua.